Watoto 34, walimu 2: kila mmoja asikilizwe vipi?

Mlezi_Mpakani aliuliza:

Habari zenu walimu, walezi na wazazi wa humu. Naomba msaada wa kazi, nadharia tunazo za kutosha.

Nasari yetu iko Busia upande wa Uganda, jengo la bati kando ya barabara ya malori. Watoto ni 34, umri miaka 3 hadi 5, walimu 2. Nyumbani wanasema Kisamia, Kiteso, Kiganda au Kiswahili, na wapo wanaozichanganya zote katika sentensi moja. Wanaanza kufika saa 1:30 asubuhi, uji ni saa 4, wanachukuliwa saa 6:30 mchana.

Tumekubaliana kwamba muhula huu kila mtoto asikilizwe, si kuitwa jina na kuhesabiwa tu. Utekelezaji ndio umetushinda. Tumejaribu duara la asubuhi, kila mmoja aseme habari zake: tukifika kwa mtoto wa kumi, wengine wamelala na wengine wanapigana. Tukiwauliza mmoja mmoja, wanajibu "ndiyo" kwa kila kitu. Watano wanaongea mpaka wanawameza wenzao, na wanne hawajatamka neno tangu muhula uanze, sasa ni wiki ya sita.

Tupange vipi? Na hao wanne, tutajuaje kama ni aibu, ni lugha, au ni masikio?

Mkufunzi_wa_Nasari alijibu:

Mwalimu, duara limekushinda kwa hesabu tu, watoto hawana kosa. Dakika 1 kwa kila mmoja ni dakika 34, na mtoto wa miaka 4 akikaa dakika 10 kuwasikiliza wenzake amejitahidi sana. Duara libaki la wimbo na salamu, dakika 10, basi. Kusikiliza kuhamie kwingine.

Gawa 34 kwa siku 5: ni watoto 7 kwa siku, na siku moja 6. Dakika 5 kwa kila mmoja zinakuwa 35. Usizitafute kwa mkupuo. Sikiliza wawili wakati wa kufika, maana wanakuja mmoja mmoja na mwenzako anaweza kupokea mlangoni. Watatu wakati wa mchezo huru. Wawili baada ya uji, wengine wakiosha vikombe. Mwalimu mmoja anasikiliza, wa pili anashika darasa zima, kesho mnabadilishana. Majina ya siku yabandikwe mahali mnapopaona nyote wawili. Bila hivyo wale watano wenye maneno watakula dakika zote, na jioni utadhani umesikiliza darasa.

Ukishazipata dakika 5, ndipo kazi inaanza, na mtu mzima ana njia nyingi za kuiharibu.

Ya kwanza ni mwili wake. Mwalimu amesimama, mtoto anaongea na magoti. Kaa kwenye kigoda au mkekani macho yenu yalingane, lakini kaa ubavuni kwake, msitazamane uso kwa uso. Watoto wengi wa huku wamefundwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na mabinti wa Kiganda na Kisoga hupiga magoti wakisalimu. Ukimwambia "niangalie ninapoongea nawe", umemgombanisha na adabu ya kwao, na maneno yote yanapotea. Mpe mikono kazi: udongo wa kufinyanga, maharage ya kuchambua, matofali ya mbao ya kupanga. Mtoto mkimya huongea akiwa anaangalia vidole vyake. Simu yako iwe kwenye mkoba. Hata ikiwa imezimwa, ikiwa mkononi mtoto anaiona.

Ya pili ni haraka. Mmarekani Mary Budd Rowe alipima jambo hili katika shule za msingi miaka ya 1970. Mwalimu akishauliza swali, husubiri sekunde 1 hivi au pungufu, kisha anauliza tena, au anajijibu mwenyewe, au anahamia kwa mwingine. Walimu waliposubiri sekunde 3, majibu ya watoto yalirefuka, na wale wanaokaa kimya au kusema "sijui" wakapungua. Hao walikuwa wakubwa kuliko wako. Wako ana miaka 3 na anatafuta neno katika lugha tatu, kwa hiyo nenda hadi 7, hata 10. Sekunde 10 ni ndefu, mwili wote utawasha. Hesabu kimoyomoyo "Tororo moja, Tororo mbili", na ukifika Tororo kumi ndipo useme kitu, nacho kisiwe swali jipya.

Ya tatu ni maswali yenyewe, na hapa ndipo penye ile "ndiyo" yako. "Hii ni rangi gani?" si mazungumzo, kwa sababu mtoto anajua kwamba unaijua. "Umefurahi leo?" inajibiwa ndiyo kwa kuwa mtoto mdogo hupenda kumridhisha mkubwa. Jaribu kutouliza kabisa. Sema unachokiona, kisha nyamaza:

— Naona umeweka kikopo juu ya tofali.
(Tororo moja… Tororo sita.)
— Ni lori.
— Ni lori.
— Limebeba mahindi. Polisi amelisimamisha.
— Amelisimamisha!
— Dereva analia.

Umerudia maneno yake tu, hukuongeza lako hata moja, na umepata habari ambayo "jana ulifanya nini?" isingeileta. Ukilazimika kuuliza, "halafu?" na "niambie zaidi" zinatosha. "Kwa nini" iweke kando kwa hawa wadogo. Masikioni mwao ni kesi, kama "kwa nini umemwaga uji?", na papo hapo mtoto anaanza kujitetea au kutunga sababu.

Kuhusu lugha: akisema "mwalimu, nataka amazzi", jibu "haya, unataka maji, twende". Jambo lake limejibiwa na neno la Kiswahili amelipata humo humo. Ukimkatisha, "sema vizuri: maji", ataelewa kwamba ulikuwa unasikiliza makosa yake wakati yeye ana kiu.

Siku ya mvua msijisumbue. Chini ya bati hakuna anayesikia. Toeni karatasi na rangi, wachore, na mvua ikikatika kaa na mmoja. Sema "niambie kuhusu hii". Usiseme "hii ni nini?", maana ikiwa amemchora mama yake nawe umeshindwa kumwona, utamuumiza bure.

Daftari moja la kurasa 96 linatosha: kurasa 2 kwa kila mtoto ni 68, zinabaki 28 za wale watakaojaza mapema. Andika tarehe, lugha aliyotumia, maneno yake kama alivyoyatamka, na ulichofanya baadaye. Usiandike "alikuwa na huzuni". Andika "alisema: mama amepanda basi".

Wale watano wenye maneno usiwanyamazishe kwa "subiri", kwani neno hilo kwao halina mwisho. Mwambie "nasikia. Nikimaliza kugawa uji nakuja kwako", kisha mpe kifuniko cha soda akishike. Ni deni lako. Ukimfikia unakichukua. Mbinu hii hufa kwa njia moja tu: ukisahau kulipa. Mara ya tatu mtoto atakitupa chini na kuanza kupiga kelele, naye atakuwa na haki.

Mzee_wa_Bugiri alijibu:

Nimesoma yote na sipingi kwa kupinga. Lakini wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezoea kungojewa sekunde kumi, akifika kwa jjajja yake, yaani bibi au babu, atakatiza mazungumzo ya wakubwa na kudai naye asikilizwe. Na P1, darasa la kwanza la msingi, anakwenda kukuta darasa la watoto 80. Mnamwandaa kwa dunia ipi?

Mkufunzi_wa_Nasari alijibu:

Mzee, hoja yako inastahili jibu, na wazazi watamletea mwalimu hiyo hiyo.

Kumsikiliza mtoto si kumkubalia. Akidai panga, jibu lina vipande vitatu na yote yanasemwa kwa sauti ile ile: "Unataka panga, ukate muwa kama kaka. Panga halishikwi na watoto. Njoo unimenyee kwa mkono hiki nilichokata." Kwanza maneno yake, kisha mpaka, kisha nafasi iliyobaki. Watu wengi huanza na mpaka, mtoto analia kwa kudhani hakusikika, anarudia kwa sauti kubwa zaidi, na hapo ndipo anapoitwa kichwa kigumu. Ile ya "mtoto akililia wembe mpe" naiacha kwa wenye madaktari karibu.

Kukatiza kunafundishika. Mtoto anaweka kiganja chake juu ya goti la mkubwa, hasemi kitu. Mkubwa anaweka kiganja chake juu ya cha mtoto, maana yake nimekuona, anamaliza sentensi yake, kisha anageuka. Kwa mtoto wa miaka 3 anza na sekunde 20 au 30. Wa miaka 5 anaweza kufika dakika 2. Ukianza na dakika 5 umeshindwa siku ya kwanza.

Na huyo jjajja unayemhofia ndiye mwalimu wa kusubiri tuliyemsahau. "Koyi koyi!" – "Lya!" "Kitendawili!" – "Tega!" Akishatega hukaa kimya, anawaangalia watoto wakihangaika, hata majibu ya ovyo anayapokea, na hatoi jawabu mpaka apewe mji. Hiyo ni zaidi ya Tororo kumi. Hakuna aliyesema watoto wa zamani walideka kwa hilo.

Kuhusu P1: mtaala wa madarasa ya P1 hadi P3 ulioanza 2007 unatumia lugha ya eneo kwa sababu hii hii, mtoto aanze na maneno aliyo nayo. Darasa ni kubwa, kweli. Ila aliyezoea kusema "sijaelewa" au "fulani ananipiga" akiwa na miaka 4 atalisema pia mbele ya watu 80. Na viboko shuleni vilipigwa marufuku na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016. Mzazi atajuaje kama bado vinapigwa, ikiwa mtoto hajazoea kusimulia?

Sikio_na_Ulimi alijibu:

Narudi kwa wale wanne, maana kila wiki inayopita ina gharama. Usiwaweke kapu moja.

Anza na masikio kabla ya yote. Chagua wakati malori yametulia. Mtoto awe anacheza, mwenzako akiwa mbele yake. Wewe simama nyuma yake mita 1, kivuli chako kisimfikie, usikanyage kwa kishindo. Tamka jina lake kwa sauti ya chini ya kawaida. Subiri. Kisha taja kitu anachokipenda, kwa lugha ya kwao. Fanya upande wa kulia na wa kushoto, siku tatu tofauti. Hiki si kipimo cha hospitali, kinakuonyesha tu nani apelekwe. Mpeleke pia anayejibu ukiwa mbele yake tu, anayetazama midomo, anayesema "ee?" kila mara, au anayepaza sauti bila sababu.

Mtego mkubwa ni mafua. Baada ya mafua maji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki kadhaa. Jumatatu anasikia, Alhamisi hasikii, na kwenye ripoti anaandikwa "mkaidi, anasikia anapotaka". Kwa hiyo pimeni tena wiki mbili au tatu baadaye.

Sikio linalotoa usaha kwa siku chini ya 14 linahitaji kituo cha afya na dawa. Likifika siku 14 au zaidi limekuwa sugu, nalo pia lipelekwe. Pamoja na dawa ya kituo, sikio likaushwe angalau mara 3 kwa siku. Sokota kitambaa safi kinachonyonya maji kiwe kama utambi, ingiza taratibu, toa kikilowa, weka kingine kipya, rudia mpaka kitoke kikavu. Usitumie kijiti cha kiberiti, na usitie mafuta wala maji ya majani. Shimo la ngoma ya sikio haliponi kwa mafuta.

Ikiwa masikio ni mazima, tazama lugha. Mtoto aliyeingia mahali pasipo na lugha yake anaweza kunyamaza kwa miezi, na hiyo ni kawaida. Utamtambua: anawafuata wenzake, anaelekeza kwa kidole, anacheka mahali pa kucheka. Mtafute mtu wa kwao azungumze naye, hata mpishi wa uji. Akimjibu mpishi kwa sentensi nzima ya Kiteso, usemi wake hauna tatizo, ninyi tu ndio hamna Kiteso. Maneno yake yahesabiwe kwa jumla ya lugha zote, si kwa Kiswahili peke yake.

Yupo na yule anayeongea nyumbani kama redio, lugha ya darasani anaijua, ila akivuka lango anafunga mdomo. Mwezi wa kwanza wa shule usiuhesabu. Ukipita mwezi mwingine hali ni ile ile, huo ni woga, wala si jeuri. Msimhonge kwa pipi, msimsimamishe mbele, na siku akitamka neno msipige makofi, mtamrudisha shimoni. Mama yake aje dakika 15 kabla ya wengine, wacheze wawili darasani patupu mpaka mtoto aongee kwa sauti yake ya kawaida. Siku hizo wewe kaa mlangoni. Siku zinazofuata uwe ndani lakini umewapa mgongo, ukipanga vikombe. Baadaye karibu nao, bila kuuliza kitu. Kila hatua inaweza kuchukua siku 3 au 4. Akinyamaza, rudi hatua moja nyuma.

Wa mwisho ni yule asiyesema hata nyumbani. Kufikia miaka 2 mtoto aunganishe maneno mawili, "mama njoo", na kufikia miaka 3 mtu asiyemjua aelewe takribani robo tatu ya anachosema. Aliye mbali na hapo apelekwe hospitali ya rufaa, kwenu ni Mbale, na hospitali ya Mulago, Kampala, kuna idara ya masikio, pua na koo. Mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza asingoje muhula uishe, aende wiki hiyo hiyo. Na mzazi akishauriwa kukata uzi wa chini ya ulimi kwa wembe, mzuieni. Kuchelewa kusema mara nyingi hakutokani na uzi huo, na wembe huleta damu nyingi na uchafu kwenye kidonda.

Kigugumizi kati ya miaka 2 na 5 ni cha kawaida, na wengi hukiacha wenyewe. Msimwambie "polepole", "vuta pumzi" wala "anza tena", na msimmalizie neno. Punguzeni kasi yenu ninyi, yeye ataifuata. Apelekwe kikizidi miezi 6, kama kuna mtu wa ukoo aliyekibakiza ukubwani, au kama ameanza kukunja uso na kukwepa maneno.

Nyongeza moja kwa Mkufunzi: kurudia maneno ya mtoto ni kuzuri pale ulipoyaelewa. Usipoelewa, usitikise kichwa kama umeelewa. Mtoto hugundua haraka kuliko mkaguzi. Rudia kipande ulichokishika, acha pengo: "Lori limebeba… nini?" Ikishindikana, "nionyeshe".

Mlezi_Mpakani aliuliza:

Asanteni sana, tumeshachora ratiba. Limebaki moja linalotugawa mimi na mwenzangu. Mtoto wa miaka 4 akisema "jana baba alinipiga", na baba yake ana miezi 2 yuko safarini Juba, tuandike au tuseme anatunga? Na siku mtoto akitoa jambo zito zaidi ya hilo, nimshikeje bila kuharibu?

Dawati_la_Watoto alijibu:

Andikeni. "Jana" ya mtoto wa miaka 4 si jana yako. Wengi kabla ya miaka 5 au 6 hutumia "jana" kwa wakati wowote uliopita, na "kesho" kwa chochote kinachokuja, wengine huzigeuza kabisa. Hata "baba" si lazima awe mzazi wake, huku kwetu baba mdogo naye ni baba. Kwa hiyo neno lake linaweza kuwa kweli tupu na hesabu yako ya siku ikalikana. Ukitaka wakati, tumia alama anazozijua: ilikuwa kabla ya uji au baada ya uji, mlikuwa mmelala au mnakula, nani mwingine alikuwepo.

Jambo zito huja siku isiyo na nafasi, mara nyingi ukimfunga kiatu. Namna ya kulipokea:

Endelea na ulichokuwa unafanya, uso usibadilike. Mtoto akiona umeshtuka atajua amekosea na atalimeza. Mwache afike mwisho wake mwenyewe. Maneno yanayotosha ni haya: "nakusikia", "niambie zaidi", "halafu nini kikatokea". Akimaliza: "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako."

Usimtajie mtu wala kitendo ambacho yeye hajakitaja. "Ni anko aliyekushika hapo?" ni swali la kumwekea maneno mdomoni, na likishaulizwa haliwezi kufutwa. Usirudie swali alilokwisha kulijibu. Mtoto mdogo akiulizwa tena hudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, na hulibadilisha. Hivyo ndivyo ushahidi mzuri unavyokufa kabla ya kufika polisi: mwalimu ameuliza, mwalimu mkuu ameuliza, shangazi ameuliza, na kufikia jioni kuna hadithi nne. Asikilize mtu mmoja, mara moja, na kwa ufupi.

Usimwahidi siri. Sema "nitamwambia mtu anayesaidia watoto ili uwe salama". Ukiahidi kunyamaza kisha ukasema, hatakuambia tena.

Andika ndani ya saa ile ile: siku, saa, mlikuwa mnafanya nini, uliuliza nini neno kwa neno, naye alisema nini neno kwa neno, kwa lugha aliyotumia. Usisafishe msamiati wake. Sehemu za siri kila nyumba ina majina yake, kwa hiyo mkimwandikisha mtoto muulizeni mzazi kwao wanaziitaje, muandike kwenye fomu. Dakika moja ya aibu ofisini itawaokoa na kutoelewana baadaye.

Kisha toa taarifa siku hiyo hiyo. Namba 116, Sauti, ni ya bure. Kituo cha polisi kina kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia, wilayani kuna afisa wa probesheni na ustawi wa jamii, na kwenye LC1, baraza la kijiji, naibu mwenyekiti ndiye katibu wa masuala ya watoto. Kama mtuhumiwa ni jamaa wa mtu wa LC, nenda moja kwa moja polisi au piga 116. Usimpigie mtuhumiwa simu "asikie upande wake", na msikubali kikao cha kumalizana nyumbani kwa mbuzi na pesa.

Ikiwa ni dhuluma ya kingono, saa zinahesabiwa. Dawa ya kuzuia VVU hutolewa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Mtoto asiogeshwe. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si kwenye kavera (mfuko wa plastiki), kwa sababu unyevunyevu ndani ya kavera huharibu ushahidi. Fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari ni PF3A, na haiuzwi. Matibabu yasisubiri fomu.

Mwenzako anayesema "anatunga" usigombane naye. Kazi ya kuthibitisha si yake wala si yako.

Sikio_na_Ulimi alijibu:

Samahani nirudi nyuma kidogo. Mkufunzi, vifuniko vya soda si vya watoto wa miaka 3. Upana wake ni kama sentimita 3, na kitu chochote kinachopenya kwenye ile bomba ya karatasi ya choo, yaani kama sentimita 4, kinaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Mtoto anayesubiri huweka kitu mdomoni. Vile vya bati vina na meno ya kukata ufizi. Na yale maharage ya kuchambua yawe mezani mbele ya macho yako, yahesabiwe yakirudi. Maharage puani na masikioni ni kazi ya kila siku ya kliniki.

Mkufunzi_wa_Nasari alijibu:

Umenishika, na ni sawa. Vifuniko vya jerikeni la lita 20, vioshwe kwa sabuni kwanza, hasa kama lilikuwa la mafuta ya taa. Maharage kwa darasa la bebi, wale wadogo wa miaka 3, yaondolewe kabisa, udongo unatosha.

Mlezi_Mpakani alijibu:

Vya jerikeni tunavyo 6. Mpishi wetu ni Mteso, kesho akimaliza kugawa uji atakaa na wawili kati ya wale wanne kwenye beseni la vikombe. Wa tatu nimemwita kwa nyuma leo asubuhi mara mbili kabla ya malori kuanza, upande wa kushoto hakugeuka. Jumatatu tunarudia, na mama yake nimeshamwomba aje na kadi ya kliniki.